Mzigo Unapohama: Viunzi-nje vya Mota na Mgongo wa Mfanyakazi

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna kiunzi-nje cha mota kinavyompunguzia mzigo mfanyakazi anayeinama na kunyanyua, pamoja na mipaka ya nafuu hiyo. Hoja yake ni kwamba kifaa hiki hakiondoi mzigo bali huuhamisha, na kwamba nafuu kinayoleta ni ndogo kiasi cha kuweza kumezwa na nyongeza ya kilo chache tu. Maelezo yanategemea mekanika ya mwili, historia ya vifaa hivi nchini Marekani na Japani, na tafiti za ubebaji wa mizigo zilizoanzia Kenya.

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa biolojia anapotaja kiunzi cha nje huwa anazungumzia gamba la kaa, la kamba au la panzi, yaani umbo gumu linaloushikilia mwili kutoka nje. Wahandisi waliiazima dhana hiyo kuelezea fremu inayovaliwa na mtu, yenye viungo vinavyokaa sambamba na viungo vyake mwenyewe: nyonga kwa nyonga, goti kwa goti. Katika makala hii ninaiandika istilahi hiyo kwa kistari, kiunzi-nje, ili isichanganywe na ile ya biolojia. Viko viunzi-nje vinavyotumia springi au mipira pekee, na viko vinavyotumia betri, mota na kompyuta ndogo. Makala inahusu hivi vya pili, ingawa sehemu kubwa ya hesabu zitakazofuata inavihusu vyote.

Vifaa hivi huelezwa mara nyingi kana kwamba vina kazi moja. Zipo kazi mbili, na kutozitenganisha kumeleta mkanganyiko mkubwa. Ya kwanza ni kumwongezea mtu nguvu, ili anyanyue asichoweza kukinyanyua. Ya pili ni kumpunguzia mzigo mtu anayenyanyua kile ambacho tayari hukinyanyua kila siku. Katika kazi ya kwanza kipimo cha mafanikio ni kilo zilizonyanyuliwa. Katika ya pili kipimo ni hali ya mgongo wa mtu baada ya miaka ya kazi, na kilo zinatakiwa zibaki vilevile. Mwajiri anayenunua kifaa cha kazi ya pili kisha akakipima kwa kipimo cha kazi ya kwanza anaweza kumdhuru mfanyakazi huku akiamini kwamba amemsaidia. Sehemu ya tatu itaonyesha kwa tarakimu jinsi jambo hilo linavyowezekana.

2.0 Kutoka kuongeza nguvu hadi kupunguza mzigo

Mwaka 1965 kampuni ya General Electric ya Marekani, kwa fedha za jeshi la nchi kavu na la wanamaji, ilianza kuunda kiunzi-nje kilichoitwa Hardiman. Kilikuwa na uzito wa kilo 680 hivi, na kilikusudiwa kumwezesha mvaaji kunyanyua mzigo wa uzito kama huo huku yeye akihisi sehemu moja tu kati ya ishirini na tano ya uzito wake. Mradi ulipokoma mwaka 1971 ni mkono mmoja pekee uliokuwa ukifanya kazi. Mashine nzima ilipowashwa ilitikisika vibaya kiasi kwamba haikuwahi kuwashwa ikiwa na mtu ndani. Mfumo uliokuza nguvu za mvaaji ulikuza pia kila kosa dogo la udhibiti.

Miongo mitatu baadaye kompyuta zilikuwa zimeleta unafuu mkubwa katika tatizo la udhibiti. Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, katika maabara ya Homayoon Kazerooni, kilionyesha mwaka 2004 kiunzi-nje cha miguu kilichoitwa BLEEX, ambacho kiliupeleka uzito wa mzigo, pamoja na uzito wake chenyewe, hadi ardhini kupitia fremu. Kilichobaki kikwazo kilikuwa nishati. Mfumo wake wa haidroliki ulihitaji zaidi ya wati 1,000 katika kutembea kwa kawaida tu kwenye uwanda. Msomaji anaweza kukadiria maana yake: zamu ya saa 8 kwa wati 1,000 ni saa-wati 8,000, na kwa betri inayohifadhi saa-wati 200 katika kila kilo, betri peke yake itakuwa na kilo 40. Haishangazi kwamba kielelezo cha mwanzo cha BLEEX kiliendeshwa kwa injini ndogo ya petroli.

Njia hiyo ya kuongeza nguvu haikuachwa. Kampuni ya Sarcos, nayo ya Marekani, iliunda kiunzi-nje cha mwili mzima, Guardian XO, kilichotangazwa kuwa na uwezo wa kunyanyua kilo 90 hivi; mwaka 2023 kampuni hiyo ilisitisha mpango wa kukiingiza sokoni na kugeukia programu za kompyuta. Vilivyofanikiwa kuingia kazini ni vifaa vyenye matarajio madogo zaidi: mkanda wa kiuno wenye mota mbili kwenye nyonga, mikono miwili inayoshuka hadi mapajani, na kishikizo cha kifua au mgongo. Havimfanyi mtu awe na nguvu za kreni. Vinaisaidia misuli ya mgongo kwa sehemu tu ya kazi yake.

3.0 Hesabu ya mgongo

Ili kuona sehemu hiyo ni kubwa kiasi gani, inafaa kuuchukulia mwili ulioinama kama wenzo. Egemeo lake ni kiungo kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa wa sakramu. Upande mmoja wa egemeo kuna uzito wa kiwiliwili, kichwa, mikono na mzigo, vyote vikivuta kuelekea chini na mbele. Upande wa pili kuna misuli inyooshayo mgongo, ambayo inapita nyuma ya egemeo kwa umbali wa sentimita 5 au 6 tu. Hapo ndipo penye shida. Mzigo una mkono mrefu wa wenzo, misuli ina mkono mfupi. Kwa hiyo misuli hulazimika kuvuta kwa kani kubwa kuliko uzito wenyewe mara nyingi, na kani hiyo yote huikandamiza diski.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye sehemu ya juu ya mwili yenye kilo 40, aliyeinama nyuzi 60 kutoka wima. Kitovu cha uzito wa sehemu hiyo kiko mita 0.25 mbele ya egemeo. Ameshika katoni ya kilo 25 iliyoko mita 0.40 mbele ya egemeo hilo. Momenti ya katoni ni 25 × 9.81 × 0.40, yaani newtoni-mita 98. Momenti ya mwili wake mwenyewe ni 40 × 9.81 × 0.25, nayo ni newtoni-mita 98. Ulingano huu ni wa sadfa ya tarakimu nilizochagua, lakini una funzo ambalo wengi hulisahau: mtu anayeinama hubeba kwanza mwili wake. Anayeinama kuokota karatasi sakafuni hupata karibu nusu ya momenti anayoipata anayenyanyua katoni hiyo.

Jumla ni newtoni-mita 196. Tukigawanya kwa mkono wa misuli wa mita 0.06 tunapata mvuto wa newtoni 3,270. Tukiongeza sehemu ya uzito inayoshuka sambamba na uti wa mgongo, ambayo kwa nyuzi 60 ni nusu ya uzito wa kilo 65, yaani newtoni 319, mkandamizo wa diski unakuwa newtoni 3,590 hivi. NIOSH, taasisi ya taifa ya Marekani ya usalama na afya kazini, hutumia kikomo cha newtoni 3,400 katika mwongozo wake wa unyanyuaji. Mwongozo huohuo huanza na uzito wa kilo 23 kwa hali bora kabisa, kisha huupunguza kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili, chini zaidi, au unavyonyanyuliwa mara nyingi zaidi. Mtu wetu amevuka kikomo.

Sasa tumvishe kiunzi-nje cha kilo 4 chenye mota zinazotoa jumla ya momenti ya newtoni-mita 30. Momenti hiyo inapunguza mvuto wa misuli kwa 30 ÷ 0.06, yaani newtoni 500. Ila kifaa chenyewe kina uzito. Tukichukua kwamba kitovu chake kiko mita 0.15 mbele ya egemeo, kinaongeza momenti ya newtoni-mita 6, sawa na newtoni 98 za misuli, na newtoni 20 za moja kwa moja. Nafuu halisi ni newtoni 380 hivi, na mkandamizo unashuka hadi karibu newtoni 3,210. Amerudi chini ya kikomo, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayeinama mara mia kadhaa kwa siku.

Lakini tuseme msimamizi, akiona kwamba kazi imekuwa nyepesi, anaagiza katoni zijazwe kilo 30 badala ya 25. Kilo 5 katika mita 0.40 ni newtoni-mita 19.6, ambazo ni newtoni 327 za misuli, na newtoni 25 za moja kwa moja, jumla 352. Mkandamizo sasa ni newtoni 3,560. Kilo 5 zimekula karibu nafuu yote, na kilo ya sita ingemwacha mfanyakazi katika hali mbaya kuliko alipokuwa bila kifaa. Yeye mwenyewe huenda asilitambue hilo, kwa sababu anachokihisi ni msukumo wa mota kifuani na mapajani. Diski haina namna ya kumweleza ni newtoni ngapi zinazoikandamiza.

Mfano huu ni wa mwili usiosogea. Mtu anaponyanyua kwa kasi, kani za kuongeza mwendo hujumlishwa juu ya hizi, na mkandamizo halisi huwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo ongezeko la kasi ya kazi lina athari ya aina ileile na ongezeko la kilo, ila ni gumu zaidi kuonekana kwenye karatasi za ghala.

Swali la mzigo unakohamia linajibika kwa wenzo uleule. Kifaa kinachousukuma mgongo nyuma lazima kijiegemeze mahali, nacho hujiegemeza mapajani. Kishikizo cha paja kikiwa mita 0.40 kutoka nyonga, newtoni-mita 30 ni msukumo wa newtoni 75 mapajani, na kishikizo cha kifua kikiwa katika umbali huohuo, newtoni 75 nyingine kifuani. Hizo ni sawa na uzito wa kilo 7 na nusu kukandamiza nyama laini kila anapoinama. Kwa mtu mwenye afya njema hilo huvumilika. Kwa mjamzito, au mwenye kidonda, au kwenye joto kali, mambo ni tofauti, na vishikizo vilivyoundwa kwa kufuata kifua cha mwanamume huwabana wanawake isivyostahili.

4.0 Kifaa kinajuaje?

Kifaa cha springi hakihitaji kujua chochote. Mtu akiinama springi hukazwa, akiinuka hulegea. Kifaa cha mota kinapaswa kukisia nia ya mvaaji, na makisio hayo hufanywa kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ilikuzwa na Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba nchini Japani, aliyeanzisha kampuni ya Cyberdyne mwaka 2004 na kuunda kiunzi-nje kinachoitwa HAL. Ubongo unapoiamrisha misuli, ishara dhaifu za umeme hufika kwenye ngozi, na elektrodi zilizobandikwa hapo huzisoma. Kwa kuwa ishara hutangulia kani ya misuli kwa makumi ya milisekunde, kompyuta hupata muda wa kuiamuru mota isaidie kwa wakati uleule misuli inapokaza. Ubora wa njia hii ni kwamba kiasi cha msaada huweza kufuata kiasi cha juhudi. Udhaifu wake ni jasho, nywele, na elektrodi zinazobanduka, mambo ambayo hayaonekani maabara bali katika saa ya tano ya zamu.

Njia ya pili hupima pembe za nyonga na mwelekeo wa kiwiliwili kwa vihisi vilivyofungwa kwenye fremu. Haihitaji kugusa ngozi, huvaliwa juu ya nguo, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kazini. Lakini pembe peke yake haielezi nia: mtu anayeinama ili anyanyue, anayeinama ili aketi, na anayeinama kufunga kamba za viatu wana pembe zinazofanana. Programu ikikosea, mota humpinga mvaaji. Kosa la namna hiyo halimwangushi mtu mara nyingi, lakini humfanya akivue kifaa, na kifaa kilichovuliwa kina nafuu ya sifuri.

Inafaa pia kutahadharisha kuhusu takwimu za matangazo, ambazo hutaja msaada kwa kilo. Kilo si kipimo cha momenti. Bila kutaja umbali wa mzigo kutoka mgongoni, msaada wa kilo fulani hauna maana ya kimekanika, na mtafiti anayeinakili tarakimu hiyo katika tasnifu yake ameinakili bidhaa, si kipimo.

5.0 Makao ya wazee ya Japani

Japani ni mahali ambapo hoja hii imejitokeza waziwazi kuliko kwingine, kwa sababu wazee ni wengi na wahudumu hawatoshi, na kumhamisha mzee kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu ni kazi inayoumiza mgongo. Mwaka 2012 wizara inayohusika na uchumi na ile inayohusika na afya na kazi zilitaja maeneo ya kipaumbele kwa roboti za huduma, na vifaa vya kuvaliwa vya kumsaidia mhudumu kunyanyua vilikuwa miongoni mwao. HAL ya kiuno, yenye uzito wa kilo 3 hivi, ni ya kundi hilo. Mwaka 2014 kiwango cha kimataifa cha ISO 13482 kiliweka masharti ya usalama wa roboti za huduma binafsi, zikiwemo zile zinazovaliwa.

Hata hivyo, mwongozo wa Japani wa kuzuia maumivu ya kiuno kazini, uliorekebishwa mwaka 2013, unasema jambo lenye uzito zaidi: kwamba kimsingi mhudumu asimnyanyue mtu kwa nguvu za mikono yake, bali vitumike vifaa kama winchi ya kumnyanyulia mgonjwa. Mwongozo huo pia unataka mwanamume asibebe kwa mikono zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa mwili wake, na mwanamke asibebe zaidi ya asilimia 60 ya kiasi cha mwanamume. Mhudumu wa kike mwenye kilo 55 kwa kanuni hiyo ana kikomo cha kilo 13 hivi. Hakuna mzee mwenye uzito huo.

Sera hizi mbili hazipingani, ila mpangilio wake una maana. Winchi huondoa unyanyuaji wenyewe. Kiunzi-nje huuacha unyanyuaji ulivyo na kuupunguzia makali. Kwa maoni yangu mahali pake halali katika makao ya wazee ni zile kazi ambazo winchi haiwezi kuzifanya: kumwogesha mtu, kumvisha nguo, kumgeuza, kutandika kitanda akiwa amelala, yaani kuinama kwa muda mrefu na mzigo mdogo au bila mzigo kabisa. Hesabu ya sehemu ya tatu inaunga mkono jambo hilo, kwa kuwa nusu ya momenti ilitokana na mwili wa mhudumu mwenyewe. Taasisi inayonunua viunzi-nje kwa sababu winchi huchukua dakika kadhaa kufungwa, na wahudumu hawatoshi kuzipata dakika hizo, imehamisha tatizo la idadi ya watumishi likawa tatizo la diski zao.

6.0 Kubeba si kunyanyua

Yote yaliyosemwa hapo juu yanahusu mtu anayeinama. Anayebeba kichwani au begani akiwa wima ana mekanika nyingine: mkono wa wenzo ni mfupi sana, momenti ni ndogo, na uzito hushuka moja kwa moja kupitia pingili hadi miguuni. Mota za nyonga hazina cha kumsaidia. Anachohitaji ni fremu ya kuupeleka uzito ardhini, na hapo majaribio yameleta matokeo ya kustaajabisha. Mwaka 2007 watafiti wa MIT walichapisha matokeo ya kiunzi-nje cha miguu kilichobeba mzigo wa kilo 36 na kuhamishia ardhini wastani wa asilimia 80 yake mvaaji alipokuwa amesimamia mguu mmoja. Nishati aliyotumia mvaaji, hata hivyo, iliongezeka kwa asilimia 10 kuliko alipobeba mzigo uleule kwenye mkoba wa mgongoni. Mzigo ulihama, uchovu ukazidi, kwa sababu fremu ilivuruga mwendo wake wa asili na uzito wake uliongezwa kwenye miguu inayorushwa kila hatua. Ilikuwa mwaka 2014 ambapo taasisi hiyohiyo ilionyesha kifaa cha mota kwenye vifundo vya miguu, chenye betri yake, kilichompunguzia mbebaji wa kilo 23 matumizi ya nishati kwa asilimia 8.

Tarakimu hizo zinafaa kusomwa pamoja na utafiti mwingine uliofanyika Nairobi. Mwaka 1986 Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani na wa Kikikuyu waliobeba kwa mkanda wa kipaji. Wanawake hao walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila ongezeko la kupimika la nishati. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu kwa kutumia mwendo wa mwili kama timazi inayobembea: wabebaji hao hupoteza nishati kidogo zaidi katika kila hatua. Yaani walichokitafuta wahandisi kwa mota na betri, wanawake hao walikuwa nacho kwa mazoezi ya tangu utotoni. Sharti niongeze kwamba matokeo hayo hayakubaliki kwa wote. Mwaka 2010 Lloyd na wenzake, wakiwapima wanawake wa Afrika Kusini, hawakuona nafuu ya jumla ya kubeba kichwani, bali tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Na nishati si shingo: mtu anaweza kubeba bila kuchoka na bado akaumia pingili.

Kutokana na tofauti hiyo, pendekezo lolote la kuleta viunzi-nje katika masoko na bandari zetu linapaswa kutaja hasa ni hatua ipi ya kazi inayolengwa. Pendekezo la 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa upeo wa mwanamume mtu mzima. Gunia la lumbesa hupita kilo 100. Mchukuzi akishatwikwa, karibu newtoni 980 zinashuka kwenye uti wake wa mgongo, na mkanda wa nyonga wenye newtoni-mita 30 hauzigusi. Wanaoweza kunufaika ni wale wawili wanaoinama kumtwika, nao ni kwa sekunde chache za kulinyanyua gunia kutoka chini. Utafiti wa kifaa hiki katika mazingira hayo ungehitaji angalau makundi matatu: wenye kifaa na gunia la kawaida, wasio na kifaa na gunia hilohilo, na wasio na kifaa waliopewa gunia lililogawanywa mara mbili. Kundi la tatu halijazoeleka katika majaribio ya viunzi-nje, na gharama yake ni gunia la pili na uzi wa kulishonea.